NYUMBU, NG'OMBE NA MOTO: MAFUNDISHO YA SERENGETI

Katika baraza moja ya wafugaji tulimsikia mzee akisema maneno haya: "Sisi twalinda ng'ombe zetu, na Serikali yalinda nyumbu zake. Sisi na wao hatuna shauri moja." Watu wengine walicheka, wengine wakaitikia kwa vichwa. Nasi tuliondoka na maneno yale, tukayafikiri siku nyingi. Kwa maana mzee yule hakusema uwongo juu ya taabu yake. Lakini katika neno moja alikosea, na kosa hilo ni la watu wengi, hata la watu waliosoma sana. Ng'ombe wa mzee na nyumbu wa porini wana shauri moja. Nchi yenyewe imekwisha kulithibitisha jambo hilo, na ushahidi wake uko Serengeti. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari hizo tangu mwanzo, ili wazee wa vijiji wazipime, na walimu wawafundishe watoto.

Nchi na safari ya nyumbu

Serengeti ni nchi pana iliyo kaskazini ya Tanzania, mashariki ya Ziwa Victoria. Ncha yake ya kaskazini yavuka mpaka na kuingia Kenya, na huko huitwa Mara. Mbuga ya Taifa ya Serengeti iliwekwa mwaka 1951, na mwaka 1959 mipaka yake ikabadilishwa. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 15,000. Lakini wanyama hawajui kusoma ramani. Nchi wanayoitumia nyumbu katika mwaka mmoja yapita kilometa za mraba 25,000, nayo ni pamoja na mbuga ya Serikali, nchi ya Ngorongoro, malisho ya Wamasai, ardhi ya vijiji vya magharibi, na Mara ya Kenya.

Mtu aweza kuuliza, Kwa nini nyumbu hawatulii mahali pamoja? Jawabu ni majani na maji. Upande wa kusini na mashariki pana uwanda usio na miti, ambao udongo wake ni wa majivu yaliyotoka katika milima ya moto siku za kale. Majani yake ni mafupi, lakini yana nguvu nyingi ya kujenga mifupa na kuongeza maziwa. Mvua zinyeshapo, tangu Desemba mpaka Aprili, nyumbu hukaa huko na kuzaa, na ndama wengi sana huzaliwa katika majuma machache tu, kadiri ya mwezi wa Februari. Mvua zikiisha, uwanda hukauka na maji yake hupotea. Hapo nyumbu huondoka, huelekea magharibi upande wa Ziwa, kisha kaskazini mpaka mto Mara, ambako mvua ni nyingi zaidi na majani ni marefu. Mvua za vuli zikianza hurudi kusini. Basi mtu akiifunga njia hiyo mahali pamoja, ameifunga yote.

Msiba wa sotoka

Wazee wetu walituachia habari za sotoka. Ugonjwa huo haukuwa wa nchi hii. Uliingia upande wa Bahari ya Shamu, katika Eritrea, yapata mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Hata miaka ya 1890 na 1891 ukawa umefika katika nchi za Wamasai na Wasukuma na jirani zao. Kisha ukaendelea kusini, na mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi. Sotoka hushika wanyama wanaocheua: ng'ombe, nyati, nyumbu, twiga na wengineo. Ng'ombe akishikwa hupata homa, vidonda vya kinywa na kuharisha, na kwa kawaida hufa katika siku chache. Mahali pengi, katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa.

Mwaka 1892 msafiri mmoja wa Austria, jina lake Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti, akawakuta Wamasai wamekonda kwa njaa, wakiwa hawana tena wanyama wa kuwalisha. Huo ndio wakati ambao baadhi ya wazee huukumbuka kuwa ni kufa kwa nchi, wala hawakutia chumvi.

Walipokufa ng'ombe, na watu wakatawanyika, nchi nayo ikageuka. Mahali palipokuwa malisho na mashamba pakaota vichaka, na mahali pengi vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakazuia watu na ng'ombe wasirudi. Watu waliozaliwa baadaye waliliona pori lile wakadhani lilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa nchi. La, sivyo. Sehemu nyingi zilikuwa malisho ya watu kabla ya msiba. Neno hili tulishike sana, kwa kuwa mtu asiyejua nchi ilivyokuwa jana hawezi kuitunza vema kesho.

Dawa ya ng'ombe iliyowaponya nyumbu

Sotoka haikutoka upesi. Kwa miaka zaidi ya 60 ilirudi mara kwa mara. Katika nyumbu iliwaua hasa ndama. Ndama alipozaliwa alipata kinga katika maziwa ya mama yake. Baada ya miezi michache kinga ile ilikwisha, na ugonjwa ukamkuta. Kwa hiyo hesabu ya nyumbu haikuweza kuongezeka. Wakati ule watu wengi, hata wakubwa wa kazi ya mifugo, waliamini kwamba wanyama wa porini ndio ghala ya ugonjwa, na kwamba ng'ombe hawatapata salama maadamu nyumbu na nyati wangalipo. Wengine waliona dawa ni kuwaua wanyama wale.

Katika miaka ya 1950 ng'ombe wa kandokando ya Serengeti walianza kuchanjwa kwa wingi. Na huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mpya. Walivikuza vijidudu vya sotoka katika chembe za figo za ndama, wakavihamisha kutoka chupa hata chupa mara nyingi sana, mpaka vikapoteza nguvu ya kuua, ila vikabaki na nguvu ya kuufundisha mwili kujikinga. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja alipata kinga ya maisha yake yote.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Nyumbu hawakuchanjwa. Nani angewakamata? Walakini ilipofika mwaka 1963, sotoka ilikuwa imetoweka katika nyumbu pia. Damu ya nyumbu waliozaliwa baada ya hapo ilipopimwa, haikuonekana alama ya ugonjwa. Basi ikawa yakini ya kuwa ghala ya sotoka haikuwa porini. Ilikuwa katika maboma yetu wenyewe. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu mwaka hata mwaka, na ng'ombe walipopona, nyumbu nao wakapona.

Tena hesabu zashuhudia. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa yapata 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja na robo. Nyati nao waliongezeka sana. Lakini punda milia hawakuongezeka, walibaki karibu hesabu ile ile ya 200,000. Kwa nini? Kwa sababu punda milia hacheui, ni jamaa ya farasi, na sotoka haimshiki. Kama kuongezeka kwa nyumbu kungalitokana na mvua au na ulinzi wa askari peke yake, punda milia wangaliongezeka pia. Mwalimu akitaka kuwafundisha watoto jinsi ya kupima sababu ya jambo, mfano huu ni mzuri.

Ugonjwa ule ulionekana tena katika nyati wa Serengeti mwaka 1982, ukazuiwa. Mara ya mwisho kuonekana ulimwenguni ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru huko Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili kufutwa na wanadamu. Wa kwanza ni ndui.

Majani, moto na miti

Nyumbu milioni moja wanakula majani mengi mno. Zamani, nyumbu walipokuwa wachache, majani ya upande wa kaskazini na magharibi yalirefuka, yakakauka, na wakati wa kiangazi yakawa kuni tayari. Moto uliowashwa na wafugaji, warina asali, wawindaji, au na wasafiri, ulienda mbali bila kitu cha kuuzuia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 moto uliteketeza zaidi ya nusu ya mbuga katika mwaka mmoja. Moto mkali wa namna hiyo hauui mti mkubwa kwa kawaida, lakini huua miche. Na msitu usio na miche ni kama kijiji kisicho na watoto: wazee wangalipo, lakini mwisho wake wajulikana.

Nyumbu walipoongezeka, waliyala majani kabla moto haujayafikia. Mioto ikapungua, na ile iliyowaka ikawa midogo. Miche ikapata nafasi ya kukua kupita urefu wa ndimi za moto, na miti ya migunga ikarudi mahali pengi ambapo wazee waliiona ikitoweka. Twiga nao wakapata majani machanga ya kula. Basi angalieni mnyororo huu: sindano aliyochomwa ng'ombe katika boma iliotesha miti katika pori ambalo ng'ombe yule hakulikanyaga hata siku moja.

Hapa yafaa tutaje habari ya tembo, maana walishtakiwa. Katika miaka ya 1960 tembo waliingia Serengeti kwa wingi, wakaonekana wakiangusha miti. Kila aliyepita aliona mti ulioangushwa, akasema, "Tembo ndio waharibifu." Mche ulioungua haukuonekana na mtu. Uchunguzi ulipofanywa kwa miaka mingi ikaonekana kwamba mharibifu wa kwanza alikuwa moto. Lakini tusiseme ya kuwa tembo hana nguvu yo yote. Upande wa Mara, ambako msitu ulikuwa umekwisha kuteketea, tembo waliendelea kuing'oa miche, na msitu ukashindwa kurudi. Basi moto ndio ulioondoa miti, na tembo wakafunga mlango nyuma yake. Hukumu ya haraka ingalimfunga mshtakiwa mmoja na kumwacha mwenzake.

Watu wengine wakisikia haya husema, "Kama ni hivyo, tuupige marufuku moto wote." Hilo nalo si shauri jema. Majani yasipoliwa wala kuchomwa miaka mingi hurundikana, na siku ya moto hakuna awezaye kuuzima. Ndiyo maana walinzi wa mbuga huchoma sehemu ndogo ndogo mapema, mara mvua zinapokwisha, majani yangali na ubichi kidogo. Moto huo huwa mpole, huacha viraka vilivyoungua na visivyoungua, na moto mkali ukija mwisho wa kiangazi hukosa njia. Wahenga walisema, Dawa ya moto ni moto. Wafugaji wetu walilijua jambo hilo zamani, nao walichoma malisho kwa majira yake ili kupata majani mapya na kupunguza kupe. Kosa si kuchoma; kosa ni kuchoma bila majira na bila shauri na jirani.

Mbwa wa kijiji na simba wa porini

Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Serengeti. Nyumbu wengi walikufa kwa kukosa majani, na hesabu yao ikashuka chini ya milioni moja. Nyati nao walidhoofika, kupe wakazidi juu ya miili yao, na simba waliokula nyati hao wakapata vijidudu vya kupe katika damu. Kisha, mwaka 1994, ukaja ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Simba walipatwa na kifafa, wakatetemeka na kuanguka. Katika simba 3,000 hivi wa nchi ile, karibu theluthi moja walikufa.

Ugonjwa huo ulitoka wapi? Vijiji vya kandokando vilikuwa vimejaa watu, na penye watu pana mbwa. Mbwa wengi walikuwa hawajachanjwa. Baada ya msiba ule, wataalamu walianza kuwachanja mbwa wa vijijini, distempa na kichaa cha mbwa pamoja. Faida ya kwanza ni ya binadamu, kwa maana mtu aumwaye na mbwa mwenye kichaa, ugonjwa ukimtokea, hana tumaini. Faida ya pili ni ya simba. Hapa tena twaona lile lile: afya ya porini ilianzia mlangoni pa nyumba zetu.

Taabu ya mfugaji ni ya kweli

Mpaka hapa tumesema mema. Lakini gazeti lisemalo nusu ya habari humdanganya msomaji, kwa hiyo yatupasa kuyaeleza na machungu, maana ndiyo yaliyomfanya mzee yule aseme vile barazani.

Nyumbu ana ugonjwa wake, ambao Wamasai huuita kwa jina lilo hilo la nyumbu. Nyumbu mwenyewe haumdhuru. Ndama wake, katika miezi mitatu au minne ya kwanza, hutoa vijidudu vya ugonjwa huo kwa makamasi na machozi, na vijidudu hubaki juu ya majani. Ng'ombe akila majani yale aweza kupata homa kali, macho yake hufanya ukungu, pua hutoka makamasi mazito, na karibu kila aliyeshikwa hufa. Dawa ya kumponya haipatikani. Chanjo zimejaribiwa na wataalamu, na zimeonyesha kinga kwa sehemu. Wafugaji walijua zamani sana, kabla ya kitabu cho chote kuandikwa, ya kuwa ng'ombe wasichungwe karibu na nyumbu wanaozaa. Kwa hiyo nyumbu washukapo katika uwanda, mfugaji huwaondoa ng'ombe zake na kuwapandisha vilimani.

Sasa fikirini. Chanjo ya sotoka iliwaponya ng'ombe wa mfugaji, naye akashukuru. Lakini chanjo ile ile iliwazidisha nyumbu mara tano, na nyumbu wakaenea katika uwanda wote wakati wa mvua, yaani wakati ule majani yanapokuwa bora kuliko miezi yote. Mfugaji huyaona majani yale kwa macho, wala hathubutu kuwapeleka ng'ombe. Hubanwa vilimani, ambako baridi na kupe ni vingi. Tena watu wa jamii yake walioishi katika Serengeti waliondolewa mwaka 1959, wakahamia upande wa Ngorongoro. Na watu wa magharibi, kama Waikoma na jirani zao, walikatazwa kuwinda katika pori walimowinda babu zao. Hivyo faida ya nchi imekuwa ya watu wengi, hata ya wageni watokao ng'ambo, lakini sehemu kubwa ya gharama imemwangukia mtu akaaye kando ya mpaka. Huyo ndiye anayevunjiwa shamba na tembo usiku mmoja baada ya kulilima miezi sita. Huyo ndiye anayepoteza ndama kwa simba. Serikali ina fedha iitwayo kifuta jasho, na kifuta machozi kwa aliyefiwa. Lakini jina lenyewe laonyesha ya kuwa fedha hiyo si malipo ya mali yote iliyopotea.

Twayaandika haya kwa sababu mtu asiyesikilizwa hawezi kuwa mlinzi. Atawezaje kuona haya kwa mtego wa waya, ikiwa mnyama kwake ni hasara tupu?

Nchi inapungua

Taabu ya siku hizi ni nyingine tena. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12 na kitu. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 61. Hatusemi kwamba kuzaa ni kosa. Twasema kwamba ardhi haikuzaa pamoja nasi. Mashamba, mifugo na nyumba vimekaribia mipaka ya mbuga, na upande wa Kenya malisho yaliyokuwa ya watu wote yamegawanywa kwa mtu mmoja mmoja, na sehemu nyingi zimezungushiwa waya. Mpaka wa mbuga ulipochorwa, palikuwa na nchi wazi nje yake, ambayo ilikuwa kama ua wa nyumba. Sasa ua umekwisha, na nyumba imebaki na kuta tupu. Wanyama wakibanwa ndani, majani ya ndani huliwa kupita kiasi. Na ng'ombe wakibanwa nje, majani ya nje huliwa mpaka udongo kuonekana. Hasara ni ya pande zote mbili.

Na maji je? Katika kiangazi mto Mara ndio tegemeo la nyumbu wa kaskazini. Chimbuko lake li katika msitu wa Mau, huko Kenya. Mau ukikatwa miti na kugeuzwa mashamba, mto hujaa matope wakati wa mvua na kupungua wakati wa jua. Vijiji vilivyo kando ya mto huo, mpaka unapoingia Ziwani upande wa Musoma, hupata hasara ile ile wapatayo nyumbu. Mtu akatae miti Mau huenda hajawahi kuona nyumbu, wala hajui ya kuwa ameshika koo la mnyama aliye mbali naye.

Yatupasayo

Wasomaji watauliza, Basi tufanye nini? Sisi hatuna amri ya kutoa. Twaweza tu kuonyesha yale ambayo habari hizi zinatufundisha.

Kwanza, chanjo. Waganga wa mifugo wakija kijijini, ng'ombe na mbwa wote watolewe, asifichwe hata mmoja. Sotoka ilikwisha kwa kuwa wafugaji walitoa ng'ombe zao; kama theluthi wangaliwaficha, ingalikuwapo hata leo.

Pili, moto. Kila kijiji kifanye shauri, na majirani pamoja, ni lini kuchoma, ni wapi, na nani atasimama kuulinda moto mpaka uzimike. Moto wa mapema wenye walinzi ni mtumishi. Moto wa mwisho wa kiangazi usio na mwenyewe ni adui.

Tatu, njia. Wazee wa vijiji wanapogawa ardhi, na wazikumbuke njia za wanyama kama wanavyokumbuka njia za kupeleka ng'ombe majini. Shamba likilimwa katikati ya mapito ya tembo, tembo hatapotea njia, atapita shambani. Ni rahisi kuacha nafasi kabla ya kulima kuliko kukesha miaka yote mkipiga madebe.

Nne, faida. Tangu siasa ya wanyamapori ya mwaka 1998, na sheria ya mwaka 2009, vijiji vyaweza kutenga sehemu ya ardhi yao kwa wanyama na kupata fungu la fedha itokayo kwa wageni. Jambo hili ni jema, lakini wazee wawe macho. Hesabu za fedha zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, mtu akione kilichoingia na kilichotoka. Fedha isiyosomwa hadharani huzaa manung'uniko, na manung'uniko huzaa mitego.

Tano, kusikiliza. Wataalamu walikosea juu ya sotoka, wakawalaumu nyumbu. Walikosea tena juu ya tembo, wakausahau moto. Wafugaji nao walikuwa wameujua ugonjwa wa ndama wa nyumbu kabla ya wataalamu. Haya si maneno ya kuwadharau wenye elimu, maana bila Muguga sotoka ingalituua mpaka leo. Ni maneno ya kuonyesha ya kuwa elimu ya kitabu na elimu ya boma zahitajiana. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Sasa twamrudia mzee wetu wa barazani. Alisema yeye alinda ng'ombe na Serikali yalinda nyumbu. Twamjibu kwa heshima: Baba, siku ulipotoa ng'ombe zako wachanjwe, uliwalinda nyumbu kuliko askari mia wenye bunduki, uliotesha na miti, uliwalisha na twiga, wala hakuna aliyekuambia asante. Asante hiyo tunaitoa leo. Nao walio na mamlaka juu ya wanyama wajue ya kuwa asante peke yake hailishi ng'ombe. Mtu aliyesaidia kuiponya nchi ana haki ya kuulizwa kabla ya mpaka mwingine kuchorwa, na ana haki ya kupata fungu lake wakati wa mavuno. Akipata haki hiyo, hatasema tena kwamba hamna shauri moja.